Kabati la mwalimu wa Umoja: chembe zipi kwa chuma, zipi kwa alumini

Mwalimu mmoja wa sekondari anayekaa mtaa wa Umoja, Nairobi, aliniuliza swali ambalo karibu kila mwenye kabati dogo la kupigia mchanga nyumbani huliuliza: anunue chembe gani, yaani punje zipi za kurusha kwa hewa ya kompresa ili zitoe kutu na rangi kuukuu? Alikuwa na pikipiki ya zamani ya Yamaha, ya stroku mbili, aliyoachiwa na baba yake. Ameifungua yote, vipande vimejaa kwenye kreti za soda. Kabati aliundiwa na mafundi wa Kariobangi Light Industries: sanduku la bati lenye dirisha la kioo, mashimo mawili ya glavu, faneli chini, na bunduki inayofyonza chembe kwa mpira. Kompresa ni ile ya tangi la lita 50 ambayo mafundi wa rangi mtaani huwa nayo. Pesa zilitosha mfuko mmoja mkubwa, au miwili midogo.

Dukani alikuwa ameshapewa jibu: "Chukua ile kali zaidi, itafanya kazi zote." Ningemwacha afuate jibu hilo, nusu ya vipande vile vingeharibika, na ndiyo sababu ninakieleza kisa hiki kwa kirefu. Chembe huchaguliwa kwa kuangalia uso utakaobaki baada ya kazi. Je, uso huo utapakwa rangi, utaachwa wazi, au utakutana na kipande kingine kinachozunguka? Ukishajibu hilo, ugumu, namba na bei vinajipanga vyenyewe. Ila kuna jambo moja linalotangulia yote, nalo halina mjadala.

Mchanga uliokuwa ndani tayari

Nilipofungua mlango wa kabati nilikuta faneli imejaa mchanga wa mto, uleule unaoletwa Nairobi na malori kutoka Machakos kwa ajili ya ujenzi. Mwalimu aliuanika juani, akaupitisha kwenye chekeche la unga, akaanza kuutumia. Na kutu ilikuwa inatoka. Hapo ndipo ubaya wake ulipo: unafanya kazi, unapatikana kila mahali, na debe lake halimtishi mtu.

Sehemu kubwa ya mchanga wa mto ni kwatzi, yaani silika ya fuwele. Chembe ikigonga chuma kwa kasi hupasuka, na katika vumbi linalotoka mna vipande vidogo kuliko maikroni 10. Macho hayavioni na pua haivizuii. Vinashuka hadi kwenye vifuko vya mapafu, vinakaa humo, na mapafu yanajibu kwa kuota makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na huweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi yenyewe. Mwenye silikosisi hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na hapa kwetu TB bado ni mzigo mzito. Tangu 1997 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeiweka silika ya fuwele katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Uingereza ilikataza mchanga wa silika katika kazi ya kusafisha chuma kwa kanuni za 1949. Uturuki ilikataza upigaji mchanga wa nguo za jinzi mwaka 2009, baada ya madaktari kukuta vijana waliofanya kazi hiyo katika vyumba vidogo vilivyofungwa wakiwa na mapafu ya wazee waliochimba migodi. Wengine hawakuwa wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Walikuwa wakipausha mapaja ya suruali ili zionekane zimevaliwa, mtindo ambao bado unauona ukining'inia kwenye soko la mitumba la Gikomba kila wiki. Nilimweleza mwalimu habari hiyo kwa sababu karakana zile zilifanana na uani kwake kuliko kiwanda chochote.

Akanijibu, kwa haki, kwamba kabati limefungwa. Nikamwonyesha mlango unaozibwa na kipande cha sifongo cha godoro. Nikamwonyesha mashine ya kufyonzea vumbi la nyumba, yenye mfuko wa kitambaa, ikirudisha uani lile vumbi laini kabisa na kubakiza lile kubwa lisilo na madhara makubwa. Halafu nikapitisha kidole juu ya pipa la maji lililokuwa hatua chache kutoka hapo. Hakusema neno. Nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba hapohapo.

Mchanga ule tuliulowanisha kwanza, tukauchota ukiwa tope, tukaufunga kwenye mifuko, kisha tukafuta kabati lote kwa vitambaa vyenye maji. Kuufagia mkavu kungekuwa kurudia madhara yaleyale kwa mara ya mwisho. Tuliweka raba ya mlango wa gari pale palipokuwa na sifongo, na mashine ya kufyonza ikapata kichujio cha HEPA, kinachonasa vumbi laini kabisa, na mpira mrefu wa kutolea hewa mbali na mlango wa jikoni. Kwa pua, barakoa ya hospitali haisaidii. Alinunua ile ya raba yenye vichujio vya P100, vinavyonasa hata vumbi laini, na nikamsisitizia aivae hata wakati wa kumwaga na kuchekecha. Kazi yenyewe hufanyika ndani ya kioo, lakini vumbi hukufikia unapofungua mlango.

Haya yote yanahitajika hata ukitumia chembe salama. Rangi ya zamani huweza kuwa na risasi, na kutu iliyosagwa haifai kuvutwa na mtu yeyote.

Pumzi ya kompresa

Kibandiko cha kompresa kilisema lita 220 kwa dakika. Hicho ni kipimo cha ujazo unaopitiwa na pistoni. Kinachotoka kweli katika mashine ndogo za aina hii huwa kama theluthi mbili. Tena kuna jambo la Nairobi ambalo wauzaji hawalitaji. Tuko juu, mita 1,600 hadi 1,700 na ushei, na hewa tunayovuta ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Pistoni inameza ujazo uleule, lakini ndani yake mna hewa pungufu. Tangi linachelewa kujaa, na mtu anadhani kompresa imechoka.

Bunduki yake ilikuja na jeti ya hewa ya milimita 3.2. Jeti ya namna hiyo, kwa psi 80 (psi ni kipimo cha presha ya hewa), hula kama lita 480 kila dakika. Maana yake alikuwa akipata sekunde chache za nguvu, sindano ya geji inaanguka hadi 40, anasimama kusubiri, anaanza tena. Alikuwa anazilaumu chembe ilhali tatizo lilikuwa pumzi.

Na hapa ushauri wa dukani unavunjika. Chembe kubwa zinahitaji hewa nyingi ili zishike kasi, na kwa kompresa hii zingefika kwenye chuma zikiwa zimechoka. Chembe ndogo huchukuliwa upesi. Isitoshe, ukigawa kipenyo cha chembe mara mbili, kilo moja inakuwa na chembe mara nane. Kila moja inagonga kwa nguvu ndogo zaidi, lakini zinaufunika uso wote kwa haraka, na kwa kutu nyepesi na rangi kuukuu hilo ndilo linalomaliza kazi. Kwa kutu ya magamba, ile inayomeguka vipande, chembe kubwa bado zina nafasi yake. Yeye hakuwa nayo ila kwenye stendi, na magamba yale tuliyatoa kwanza kwa nyundo na brashi ya waya.

Namba za chembe husomwa kama za msasa: namba ikipanda, chembe inakuwa laini. Kwa hiyo namba 36 na 46 alizokuwa akionyeshwa nikazifuta kwenye orodha, tukabaki kati ya 80 na 120. Jeti tukabadilisha kuwa ya milimita 2 na nozeli, yaani mdomo unaotoa chembe, ya milimita 4, kwa kuwa bunduki ya kufyonza hufanya kazi vizuri nozeli ikiwa karibu mara mbili ya jeti. Kwa psi 60 mpangilio huo unakula kama lita 150 kwa dakika, na kompresa ikaweza kuufuata bila kuhema sana. Eneo linalosafishwa kwa mara moja ni dogo, sawa na ukucha wa kidole gumba, na hiyo ndiyo bei ya kufanyia kazi nyumbani.

Kuhusu maji: tangi limwagwe kila asubuhi kabla ya kazi, na kitega maji kiwekwe karibu na bunduki. Msimu wa mvua chembe zenye unyevu hugandana kwenye faneli na mpira hufyonza hewa tupu.

Vipande vikatandazwa

Tulitandaza gunia uani tukapanga kila kitu kwa makundi, na kabla ya hapo vyote vilioshwa kwa mafuta ya taa, kisha sabuni na maji moto, vikakaushwa. Grisi ikiingia kabatini hugandisha chembe, na kipande chenye mafuta huzidi kuchafuka kwa sababu chembe huyasukuma ndani ya vinyweleo vya chuma. Petroli sikuitaka kabisa. Ndani ya kabati chembe zinazosuguana na mpira huzaa cheche za umeme tuli. Nilimwambia pia aunganishe sanduku na bunduki kwa waya hadi ardhini.

Kundi la kwanza: stendi, pedeli za miguu, mabano ya injini, wenzo wa breki. Chuma cha kawaida, kitakachopakwa praima na rangi. Uso wa aina hii unahitaji meno ili rangi ishike, na meno hayo huachwa na chembe zenye pembe.

Kundi la pili: kava ya klachi, kava ya magneto, silinda hedi. Alumini, itakayoachwa wazi bila rangi. Meno hapa ni hasara, kwa kuwa kila bonde dogo litashika mafuta na vumbi la barabarani, na baada ya miezi michache kava itakuwa nyeusi kuliko ilivyokuwa.

Kundi la tatu ni la vitu ambavyo sikutaka viingie kabatini: kaburata, mwili wa injini unaobeba beringi, na tangi la petroli.

Kwa kuwa maneno pekee hayakuwa yakimtosha mwalimu, na ni vema hivyo, alienda Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri, akanunua kava iliyopasuka ambayo haimfai mtu tena. Tuliigawa kwa tepu, tukajaribu kila chembe kwenye kipande chake, kwa presha ileile ya 60 isipokuwa pale nitakapotaja.

Oksidi ya alumini ya kahawia, namba 120, ilisafisha upesi kuliko zote. Ugumu wake ni 9 kwenye kipimo cha Mohs, kinachoishia 10, pembe zake ni kali, na inapopasuka huzaa pembe mpya, ndiyo maana hutumika tena na tena. Lakini alumini ilibaki na rangi ya kijivu iliyofifia, na mwalimu alipoishika, alama za vidole zilibaki hapo hazifutiki kwa kitambaa. Upande wa pili tukajaribu kipande cha bano la chuma: safi, kimeparara sawasawa, kinangoja praima.

Vigololi vya kioo, vya maikroni 100 hadi 200, tulivipiga kwa psi 50. Hivi ni mviringo. Haviparuzi, vinapiga uso kwa nyundo ndogo ndogo na kuubana. Alumini ilitoka na mng'ao tulivu, laini kwa kidole, na tone la mafuta likafutika. Tulipopandisha presha kupita 60, vigololi vikaanza kupasuka, mlio ukabadilika, na uso ukawa na mabaka. Kwenye chuma chenye kutu vilifanya kazi kidogo sana. Vilisafisha juu na kuacha kutu kwenye mashimo ikiwa imeng'arishwa, jambo ambalo ni baya kuliko kuiacha ilivyo, kwa kuwa macho yanadanganyika. Kioo hiki kimetokana na silika, na mwalimu aliniuliza hilo, lakini silika ya kioo haina fuwele na haileti silikosisi kama ya kwatzi. Vumbi lake bado halivutwi bila kinga.

Ganeti namba 80, chembe za madini magumu ya asili, niliileta mimi. Karakana zinazokata vyuma na mawe kwa maji ya presha huitumia sana namba hiyo, na mtu akiuliza kwa upole hupata kidogo. Ugumu wake ni kati ya 7 na 8, ni nzito, ina silika huru kidogo sana, na haiumi alumini kama oksidi. Kama mwalimu angekuwa na pesa za mfuko mmoja tu na asitake kubadilisha kitu, ningemchagulia hii bila kusita. Ila hudumu mizunguko michache kuliko oksidi, na mng'ao ule wa vigololi haiufikii.

Jirani yake alikuwa amependekeza magadi, kwa hoja kwamba ni laini na yanatoka hapahapa Kenya. Hoja ya ulaini ni ya kweli kwa soda ya kuokea, bikaboneti, ambayo huondoa mafuta na rangi bila kukwaruza na kisha huyeyuka kwa maji. Magadi ya ziwani ni kabonati kwa sehemu kubwa. Ni makali zaidi, yakipata unyevu hushambulia alumini na kuiacha na weusi, na kava ile ingeharibika kabla haijafungwa. Yabaki kwenye sufuria ya maharagwe. Bikaboneti tulijaribu kwenye kona moja: grisi ikatoka, doa la kutu nyeupe ya alumini likabaki. Hutumika mara moja tu, na isiposuuzwa vizuri rangi hukataa kushika.

Chembe za chuma hatukuzijaribu. Ni nzito mno kwa kompresa ile, hupata kutu zikikaa, na huacha vumbi la chuma ndani ya alumini ambalo baadaye hutoka kama madoa mekundu. Karbidi ya silikoni ni kali kuliko oksidi lakini huvunjika upesi kwa bei yake. Chupa za kusaga mwenyewe nilizikataa: ukipata kioo kilichosagwa na kuchekechwa kiwandani ni sawa, lakini kusaga chupa uani ni kutafuta majeraha, na chembe zake hazilingani.

Uamuzi, na mpangilio wa kazi

Alinunua mifuko miwili midogo: vigololi vya kioo, na oksidi ya kahawia namba 100. Bei ya oksidi kwa kilo ilimshtua, hadi alipoigawa kwa idadi ya mara inavyoweza kurudi kwenye faneli. Mchanga hupasuka na kuwa unga kwa mpigo wa kwanza au wa pili. Huo ni unga unaoununua kisha unauvuta.

Mpangilio ulinishughulisha kuliko ununuzi. Alumini ilipigwa kwanza, kwa vigololi vipya, kabati likiwa safi. Chuma kilifuata, kwa oksidi. Ukianza na chuma, chembe za kutu hubaki kwenye pembe za sanduku na ndani ya mpira, kisha unazipigilia kwenye alumini iliyokuwa safi. Pia vumbi la alumini na vumbi la kutu havitakiwi kulundikana pamoja kwenye mfuko mmoja wa kufyonza. Vikikutana na cheche huweza kuwaka kwa joto kali sana, kwa hiyo mfuko ulimwagwa na kichujio kikafutwa kati ya kazi hizo mbili. Kila aina ya chembe ina ndoo yake yenye kifuniko, imeandikwa kwa rangi. Chembe zinazorudi hupitishwa kwenye kichujio cha rangi ya gari ili vipande vya rangi na tepu vibaki juu.

Sehemu za kuketisha gasketi, matundu ya bolti na mahali pa beringi vilizibwa. Tepu ya kawaida hutoboka, kwa hiyo tulitumia tabaka mbili pamoja na vipande vya tyubu ya baiskeli, na kila tundu lenye uzi likafungwa bolti kuukuu. Hata hivyo vigololi huingia. Baada ya kabati, kila kava iliingia kwenye beseni la maji moto na sabuni, ikasuguliwa kwa brashi ya chupa, ikasuuzwa, ikapulizwa kwa hewa, na tepu ya kuchonga uzi ikapitishwa kwa mkono kwenye kila tundu. Mwalimu aliona kama ninazidisha. Nikampa ile tepu ya uzi aliyokuwa ameichomoa kwenye tundu la tatu na kumwomba aigonge kwenye karatasi nyeupe, vigololi vikamwagika. Katika injini ya stroku mbili beringi za kranki hupata mafuta yake kutoka kwenye mchanganyiko wa petroli unaopita hapohapo, na kigololi kimoja kikifika humo kitakaa kati ya roli na njia yake. Ndiyo sababu mwili wa injini tuliusafisha nje tu, kwa brashi na mafuta ya taa.

Kaburata nayo haikuingia. Vijia vyake ni vyembamba sana, na chembe yoyote itakayokwama humo haitaonekana hadi siku pikipiki itakapokataa kushika silensa, yaani kunguruma taratibu ikiwa imesimama. Iliachwa ndani ya kisafishio chake usiku kucha na kupulizwa asubuhi.

Vipande vya chuma vilipakwa praima siku ileile vilipotoka kabatini, kabla ya giza, kwa sababu uso ulioparuzwa huanza kutu mara tu unapopata umande, hata ule wa alama ya kiganja chenye jasho. Tangi bado liko. Bati lake ni jembamba, na kupiga eneo pana kwa chembe zozote zenye nguvu hulivimbisha likapinda. Tena mvuke wa petroli hukaa ndani ya mishono kwa muda mrefu sana. Mwalimu amelijaza maji na analitoa rangi kwa dawa ya kuondolea rangi na brashi, kipande kwa kipande, kisha anamalizia kwa msasa wa maji namba 180.